Mwizi wa Kufuta Vumbi

Duniani kuna wezi wa kila aina. Kuna wa kuku, kuna wa nguo kambani, kuna wa kukuibia simu huku wanakuuliza njia. Lakini mwizi aliyemvamia Fundi Waya alikuwa wa peke yake: aliingia, akafuta vumbi, akapanga vitu, akaondoka bila kubeba hata skrubu moja. Na Fundi Waya alimchukia kuliko wezi wote waliowahi kuzaliwa na mama zao.

Asiyejua kazi ya redio atacheka, kwa hiyo tuelezane kwanza. Karakana ya Fundi Waya ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Mlango mmoja ulifungukia barabarani, mwingine ulielekea sebuleni. Kati ya milango hiyo miwili kulikuwa na fujo ya kutisha: redio zimeachwa matumbo wazi, spika zimelala chali, waya zimesokotana mpaka hazijulikani kichwa wala mkia. Lakini ilikuwa fujo yenye mwenyewe. Kila redio iliyofunguliwa ilikuwa na rundo lake la skrubu kando yake, na rundo la redio hii halichanganywi na la redio ile hata nyumba ikiungua. Skrubu ngeni huingia kwenye tundu kwa adabu zote, kisha ikikazwa inapasua plastiki. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya ufundi, na hata paka wa nyumba ile alikuwa anaijua.

Basi siku hiyo Fundi alirudi kutoka kwenye benchi la kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikozoea kunywa chai ya mchana. Akakuta meza inang'aa kama imelambwa. Marundo hayapo. Skrubu za redio zote zilikuwa zimetiwa kwenye makopo: ndefu na ndefu, fupi na fupi, nene na nene. Makopo yenyewe yameoshwa. Fundi alikaa kwenye stuli akashika kichwa.

"Huyu ni mbaya wangu," alimwambia kinyozi. "Ni yule fundi mpya wa mtaa wa pili, yule mrefu kama mlingoti. Anataka nirudishe redio za watu zimepasuka, nikose wateja."

"Mbaya gani anayefuta vumbi?" kinyozi akauliza.

"Ndio ujanja wenyewe huo."

Wewe unayesoma huenda umeshamjua mwizi. Aliye nje ya ngoma ndiye anayeona nani anakosea hatua, na Fundi Waya alikuwa ndani ya ngoma mpaka shingoni.

Kwani ndani ya nyumba ile alikuwemo mama mkwe wake. Alikuwa mjane, na alipitia kwanza kwa mwanawe wa kiume, huko hakudumu, akaja kwa binti yake. Fundi alimpokea kwa heshima ya kupindukia. Hakukaa naye chumba kimoja. Alimwamkia akiwa amejibanza pembeni, macho chini, na kama ana neno alimtuma mke wake: "Mwambie mama hivi, mwambie mama vile," hata kama mama yupo palepale anasikia. Ungemuuliza mama mkwe wake anafananaje, angekueleza miguu: vidole vifupi, kandambili za bluu, ya kushoto imeshonwa kwa uzi mweupe.

Mama huyo alipewa kiti kizuri kuliko vyote vya sebuleni. Akigusa ufagio ananyang'anywa. Akiinua sahani, "Weka hapo, mama, pumzika." Fundi aliona mambo yanakwenda vizuri mno, mpaka jioni moja mkewe alipomkalisha kitandani na uso uliokunjamana.

"Mama anasema anaondoka Jumamosi," alisema. "Anarudi kwenye ile nyumba yake inayovuja."

"Kwa nini? Nani amemkosea?"

"Hasemi. Kwa kaka aliondoka hivihivi. Sasa nisikilize. Mama akitoka hapa, mimi natoka naye. Siwezi kumwacha mtu mzima peke yake chini ya bati bovu. Na sijui nitarudi lini."

Mkewe alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache, na akisema anachoma sindano, anachoma. Fundi Waya alimpenda yule mwanamke kupita kiasi, na alijua kwamba bila yeye angeishia kula mkate mkavu na kuongea na redio. Kwa hiyo akaamua kumzidishia mama heshima. Kesho yake alinunua mto wa kuegemea na kigoda cha kuwekea miguu, akavituma sebuleni kupitia kwa mke wake, pamoja na salamu kwamba mama asijisumbue hata kunyoosha mkono. Hakujua kwamba anamwagia moto mafuta.

Habari ya mama ilimshinda. Habari ya mwizi, angalau, ilitaka waya na risasi ya kuchomelea tu, na hapo ndipo Fundi alikuwa bingwa. Akaamua kutengeneza mtego wa leza.

Alichukua kile kitochi cha mwanga mwekundu ambacho watoto humulikia paka mpaka anachanganyikiwa. Akafungua taa mbovu ya uani, ile inayojiwasha yenyewe giza likiingia, akachomoa kijicho chake kinachohisi mwanga, akakivika bomba la karatasi nyeusi ili mchana usikidanganye. Akatafuta king'ora cha gari lililokufa zamani. Mpango ulikuwa rahisi: leza ikikipiga kijicho, king'ora kimelala, mtu akiukatiza ule mstari wa mwanga, king'ora kinaamka. Na kwa sababu aliwaza mbali, alikifunga kwa namna kwamba kikishaamka hakilali tena mpaka swichi ibonyezwe. Umeme wake akautoa kwenye betri ya gari, mwizi asije akakata umeme wa nyumba. Swichi akaifunga kwenye waya mrefu mweusi na kuificha ndani kabisa, chini ya rundo la magazeti ya zamani kando ya redio ya kahawia. Ni nani angeipata humo zaidi yake?

Mstari mmoja hakuuona unatosha. Akautaka uzunguke chumba kizima, kwa hiyo akahitaji vioo. Kimoja alikitoa kwenye pikipiki mbovu, kingine kilikuwa chake cha kunyolea ndevu, na cha tatu alikiazima kimyakimya kwenye meza ya mkewe. Kesho yake asubuhi mkewe alizunguka nyumba nzima jicho moja limepakwa wanja, jingine halijapakwa, akiuliza kama kioo kimeota miguu. Fundi alisema hata yeye anashangaa.

Ukabaki urefu. Auweke mstari magotini? Kiunoni? Fundi alimfikiria mbaya wake, yule mlingoti, akaupandisha mpaka usawa wa bega la yule bwana. Vioo vyote akavipanga juu kwenye rafu. Yeye mwenyewe, ili atoke baada ya kuutega, ilibidi ainame na kitambi chake akikibeba kwa mikono miwili. Mara ya kwanza alisahau kuinama. King'ora kikalia, na kule kwa jirani kinyozi aliruka na wembe mkononi, mteja akaondoka na nusu ya sharubu. Mtego ulikuwa unafanya kazi.

Siku iliyofuata aliutega, akafunga mlango wa barabarani kwa kufuli, akaenda kunywa chai yake huku sikio moja liko nyumbani. Kimya. Akaongeza kikombe cha pili. Kimya. Akarudi anapiga mluzi, akafungua mlango, na mluzi ukamfia mdomoni.

Chumba kilikuwa kimepangwa upya. Rundo la skrubu za redio aliyoifungua asubuhi ileile limeingia makoponi. Sakafu imefagiliwa. Leza bado inawaka, imetulia tuli. Tena usafi wenyewe uliishia katikati ya ukuta, kama alama ya maji ya mafuriko: chini kunang'aa, juu kwenye rafu vumbi liko vilevile.

"Kama haukati mwanga, basi hana mwili," kinyozi alitoa hukumu, akisimama mlangoni bila kuthubutu kuingia.

"Usinitishe, bwana."

"Sikutishi. Nakwambia ni jini. Tena jini safi. Mimi lingekuja kwangu ningeliachia ufagio."

Fundi hakucheka. Alikosa usingizi wa mchana, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Hakuna kati yao aliyejiuliza ni kiumbe gani cha mtaani pale kinachoweza kupita chini ya bega la mlingoti kikiwa kimesimama wima na kilemba kichwani. Kiumbe hicho kilikuwa sebuleni, miguu juu ya kigoda kipya, kinaangalia ukuta.

Ijumaa Fundi aliutega tena, kwa ubishi tu. Nyumbani mama alikuwa ameshafunga mizigo yake, na mkewe alikwenda kazini asubuhi hiyo bila kumuaga. Akakaa kwenye benchi la kinyozi na moyo mzito, kikombe kimepoa mkononi. Kinyozi alikuwa anamnyoa muuza nyama, nusu ya kichwa imekwisha, nusu bado msitu.

King'ora kikalia.

"Nimemnasa!" Fundi alirusha kikombe. Akanyakua ufagio wa kinyozi, kinyozi akanyakua kiti, na muuza nyama akawafuata na shuka lake shingoni, nusu upara na nusu nywele, akiuliza ni wapi panapoungua. Fundi alifungua kufuli, akaupiga mlango teke.

"Leo umepatikana!" alinguruma. "Toka nje, kenge wewe! Mla vya watu! Shuka hapo nikuoneshe!"

Mwizi alikuwa amesimama juu ya stuli, karibu na rafu. Fundi aliinua ufagio, na macho yake, kwa mazoea ya siku nyingi, yakaanzia chini. Yakaona vidole vifupi. Yakaona kandambili za bluu. Ya kushoto imeshonwa kwa uzi mweupe.

Ufagio ulianguka wenyewe. Fundi Waya alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, akageukia ukuta, akaegemeza paji la uso kwenye matofali.

"Ni nani?" kinyozi alipiga kelele, maana king'ora kilikuwa kinawatoboa masikio.

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama mkwe!"

Kinyozi alikishusha kiti. Muuza nyama akamtazama Fundi kwa huruma ya kweli. "Umemwita kenge," alisema.

"Nimesikia!" Fundi alitaka ardhi ipasuke immeze. Aliona kila kitu kikiporomoka kwa pamoja: mama anaondoka, mke anaondoka, na sababu sasa ipo, tena mashahidi wawili, mmoja nusu upara. Alitaka kulia. Lakini king'ora kwanza. "Mwambie mama," alimwambia kinyozi, paji likiwa bado ukutani, "kwa heshima zote, kando ya redio ya kahawia, chini ya rundo la magazeti, kuna swichi. Namuomba aibonyeze."

Kinyozi akaingiza kichwa. "Mama! Swichi! Chini ya magazeti!"

"Magazeti gani?" sauti ya mama ilijibu kutoka juu. "Nimeshayafunga nikayatoa uani!"

"Anasema ameyatoa uani."

"Basi mwambie ina waya mrefu, mweusi."

"Mama! Waya mweusi!"

"Nyeusi zote nimezikunja nikazitundika! Zina msumari wao!"

"Anasema zina msumari wao," kinyozi aliripoti. "Fundi, hivi wewe unakijua chumba chako kweli?"

Muuza nyama alikuwa amechungulia, na uso wake ukabadilika. "Jamani, mama anatetemeka kule juu. Na hiyo stuli ina mguu mbovu."

"Kamshushe basi!" Fundi alimwambia kinyozi.

"Mimi? Mama mkwe ni wako!"

Ndani, mguu wa stuli ukalia *kwaa*. Fundi Waya hakuwaza tena. Aliingia mbio, akanyoosha mikono yote miwili, akamshika mama mkwe wake viganjani na kumteremsha taratibu mpaka sakafuni. Kisha akamuuliza, ana kwa ana, bila mtu wa katikati, "Msumari wa nyeusi ni upi, mama?"

"Ule wa mwisho, karibu na dirisha."

Akauendea, akapapasa, akabonyeza. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa mpaka wakasikia paka anajikuna sebuleni.

Ndipo Fundi alipomwona mama mkwe wake kwa mara ya kwanza kutoka vifundoni kwenda juu. Alikuwa mfupi sana. Alikuwa na macho yaleyale ya mkewe, na yalikuwa na machozi. Mkono mmoja una kitambaa cha vumbi, mwingine una kioo cha wanja.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nilikuja kumalizia huku juu, nikakiona kioo cha mwanangu anachokitafuta. Nilipokishika tu, dunia ikapiga kelele. Nimeingia kwa mtu bila hodi, kama mwizi."

"Hapana, mama!" Fundi alijibu haraka, macho yakaanza kurudi sakafuni yenyewe. "Hujakosea kitu, mama. Hata kidogo. Nenda tu ukapumzike."

Mama akakiweka kioo mezani.

"Ndiyo hayo," alisema polepole. "Hata nikikosea, sikosei. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu ilipita zamani, jembe sijaliona, nimeona mito. Nimepumzika mpaka nimechoka, baba. Kwa mwanangu vilevile, nilikalishwa kitini kama picha ya marehemu. Humu ndani tu ndimo nilimojisikia mtu. Basi. Sisubiri kesho, naondoka leo."

Akageuka kuelekea mlango wa sebuleni. Fundi Waya akafungua mdomo ambembeleze. Alikuwa na maneno matamu tayari, ya kumwomba radhi na kumsifu. Lakini macho yake yaliangukia makopo mezani, yakaona skrubu za redio aliyoifungua asubuhi hiyo zimezama humo pamoja na za wenzake, na kilichotoka mdomoni kikawa kitu kingine kabisa.

"Umekosea!"

Mama akasimama.

"Umekosea sana, mama!" Fundi hakuweza tena kujizuia. "Umeniharibia kazi! Hizi skrubu si maharage, huzichambui kwa ukubwa! Kila redio ina zake! Zake yenyewe! Sasa hii ni ya ipi? Na hii? Watu wanakuja kuchukua redio zao, niwape nini, niwape makopo?"

"Kila redio ina zake?" mama aliuliza.

"Kila redio ina zake!"

"Sasa si ungesema!" Mama naye sauti ilipanda, na kitambaa cha vumbi kikapigwa mezani. "Mimi nitajuaje? Kutwa unaongea na sakafu! Mtu mzima, nimeosha makopo yote haya, hakuna hata wa kuniambia acha!"

"Nimekwambia sasa! Hutoki humu mpaka zote zirudi kwao!"

Neno lilikwisha kutoka. Muuza nyama alishika kichwa chake, upande wenye nywele. Fundi Waya alisikia alichokisema: amemfokea mama mkwe, amemwamrisha, amemzuia mlango. Alisubiri radi.

Mama alifuta machozi kwa kiganja. Kisha akaivuta stuli ile yenye mguu mbovu, akaikagua, akaitupa pembeni, akavuta nyingine nzima, akakaa mezani na kukunja mikono ya gauni.

"Leta makopo," alisema. "Na washa taa. Hao wawili mlangoni waende zao, mmoja wao hajamaliza kunyolewa."

Hakuna kati yao aliyejua skrubu ipi ni ya wapi. Ilibidi wajaribu moja moja, tundu kwa tundu, na ilikuwa kazi ya kuchosha na ya ugomvi mtupu. Mkewe aliporudi jioni kutoka kazini, alizisikia sauti zao tangu barabarani.

"Hiyo siyo yake, mama! Utapasua!"

"Usinipigie kelele, naona!"

"Huoni! Ingekuwa unaona usingeilazimisha!"

Mkewe alifika mlangoni na mkoba begani. Alimwona mumewe jasho linamtoka, na mama yake bisibisi mkononi, kilemba kimekaa upande.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nani amekukosea?"

"Mumeo," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Kaniita kenge. Na mimi nimemharibia kazi, na hatumalizi kesho wala keshokutwa, maana kuna nyingine chini ya meza. Sasa sogea hapo mlangoni, unatuzibia mwanga."

Mkewe akasogea.